Alick Isaacs, daktari aliyesikia seli zikipashana habari

Tarehe 26 Januari mwaka 1967 daktari wa Kiskoti aitwaye Alick Isaacs alifariki dunia mjini London akiwa na umri wa miaka 45. Miaka kumi kabla ya hapo, magazeti ya Uingereza yalikuwa yamemtangaza kuwa mtu aliyepata silaha dhidi ya virusi. Siku anayokufa, silaha hiyo ilikuwa bado haijawa dawa katika hospitali yoyote, na walikuwako wanasayansi wa heshima waliodhani kwamba sifa zake zilitiwa chumvi mno.

Silaha hiyo ni interferoni. Leo inafundishwa katika kila chuo cha udaktari, na haiwezekani kueleza namna mwili unavyojikinga na virusi bila kuitaja. Isaacs hakuishi kuyaona hayo. Maisha yake yote ya kazi yalizunguka swali moja: seli iliyovamiwa na virusi, isiyo na ulimi wala ubongo, inaziarifu vipi seli jirani kwamba adui ameingia?

Alizaliwa tarehe 17 Julai mwaka 1921 mjini Glasgow, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Lithuania. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow na kuhitimu mwaka 1944. Kazi ya wodini haikumvutia sana; moyo wake ulikuwa katika maabara. Mwaka 1947 alikwenda Sheffield kutafiti homa ya mafua chini ya Charles Stuart-Harris, na mwaka uliofuata akasafiri hadi Melbourne, Australia, kwa Macfarlane Burnet, bingwa wa virusi ambaye baadaye, mwaka 1960, alipata tuzo ya Nobel. Ni huko Australia ndiko alikomwoa Susanna Foss, daktari ambaye baadaye alijulikana kwa kutibu maradhi ya akili ya watoto.

Huko Melbourne Isaacs alikutana na jambo ambalo halikumtoka tena kichwani. Wataalamu walikuwa wameona kwamba kiumbe kilichoambukizwa kirusi kimoja mara nyingi hakiambukizwi kirusi cha pili kinachofuata muda mfupi baadaye, hata kama virusi hivyo viwili havina udugu. Kingamwili hazikuweza kuwa sababu, kwa kuwa kingamwili humtambua adui mmoja tu na huchukua siku nyingi kutengenezwa.

Mfano mmoja wa mwanzo kabisa wa jambo hilo una asili yake Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wana-kondoo walikuwa wakifa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete walichunguza ugonjwa huo na mwaka 1931 wakautangaza kwa jina la homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kilipelekwa katika maabara za Ulaya, na mwaka 1937 Findlay na MacCallum, wakiwa London, walionyesha kwamba kima waliopewa kirusi hicho walikingika na homa ya manjano. Kirusi cha kondoo wa Naivasha kilikuwa kimeufunga mlango ambao kirusi cha homa ya manjano kingeupitia. Hakuna aliyejua umefungwaje.

Ajabu zaidi ni kwamba hata kirusi kilichokufa kiliweza kufunga mlango huo. Mwaka 1943 Werner na Gertrude Henle, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Philadelphia, Marekani, walikuwa wameonyesha hivyo kwa virusi vya mafua vilivyouawa. Isaacs aliendeleza suala hilo katika mayai ya kuku huko Melbourne, na mwaka 1950, pamoja na Margaret Edney, akatoa maandishi juu yake. Kisha akarejea Uingereza.

Mayai na mirija ya kioo

Kituo chake kipya kilikuwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, juu ya kilima cha Mill Hill, kaskazini mwa London. Hapo ndipo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipokuwa na kituo chake cha kufuatilia homa ya mafua ulimwenguni, na Isaacs alikabidhiwa kukisimamia. Kazi hiyo peke yake ingemtosha mtu. Lakini katika kiangazi cha mwaka 1956 aliwasili hapo kijana wa Uswisi, Jean Lindenmann, aliyekuja kwa mwaka mmoja tu, na katika mazungumzo ikabainika kwamba wote wawili walikuwa wakisumbuliwa na fumbo lile lile.

Swali lao la kwanza lilikuwa dogo: kirusi kilichokufa, kinapozuia kingine, je, huwa kimeingia ndani ya seli au kimeganda nje tu? Vifaa vyao havikuwa vya kifahari. Walichukua mayai ya kuku yenye viinitete, wakautoa utando wa ndani unaokizunguka kiinitete na kuukata vipande. Virusi vya mafua waliviua kwa joto la nyuzi 56. Vipande na virusi vilivyokufa viliwekwa pamoja katika mirija ya kioo yenye maji ya chumvi, na mirija ikazungushwa usiku kucha katika joto la mwili. Kesho yake walivitoa vile vipande, wakaweka vipande vipya kabisa katika maji yale yale, na baadaye wakavitia virusi hai.

Virusi hai vilishindwa kuzaana. Vipande vipya, ambavyo havikuguswa katika siku ya kwanza, vilikuwa vimekingwa. Huenda mabaki ya virusi vilivyokufa yalikuwa yangali majini? Walilipima hilo kwa njia kadhaa na kuridhika kwamba sivyo. Seli zenyewe zilikuwa zimetengeneza kitu na kukimwaga nje, na kitu hicho kiliingia katika huduma ya seli ambazo hazijawahi kumwona adui.

Walikipa jina la interferoni, na mwaka 1957 makala zao mbili zilichapishwa katika jarida la Royal Society. Haki inadai isemwe kwamba mjini Tokyo Yasuichi Nagano na Yasuhiko Kojima walikuwa wameeleza, tangu mwaka 1954, kitu kinachozuia virusi katika sungura. Waliandika kwa Kifaransa, na wasomi wengi waliokuwa wakisoma Kiingereza hawakuwaona. Hata hivyo ni jaribio la Mill Hill lililoonyesha kwa uwazi kwamba kilichomo ndani ya mrija ni ujumbe unaotoka seli moja kwenda nyingine.

Mwaka huo huo homa ya mafua ya Asia ilizuka na kuizunguka dunia. Isaacs, kama msimamizi wa kituo cha WHO, alikuwa katikati ya kazi ya kukitambua kirusi kipya. Umma uliokuwa kitandani kwa homa ulisikia kwamba amepatikana mtu mwenye kizuizi cha virusi vyote. Antibiotiki zilikuwa zimeshinda bakteria miaka michache tu iliyopita, na wengi waliamini zamu ya virusi imefika. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliunda ushirikiano na makampuni makubwa ya dawa ya nchi hiyo. Mwaka 1960 interferoni iliingia hata katika hadithi ya picha ya Flash Gordon, ikiwaokoa wasafiri wa anga za juu.

Miaka ya shaka

Katika maabara mambo yalikuwa mazito. Interferoni hutengenezwa kwa kiasi kidogo mno, kidogo kiasi kwamba kwa vifaa vya wakati ule hakuna aliyeweza kuisafisha ikabaki yenyewe. Ile ya kuku haikumfaa binadamu. Watafiti wa nchi nyingine walijaribu na wengine wakatoka mikono mitupu. Walikuwapo hasa Marekani waliogeuza jina la interferoni kwa kejeli, wakaifanya neno la kumaanisha kitu kilichobuniwa akilini. Mwaka 1962 jaribio moja la Uingereza liliwapa moyo kidogo: interferoni ya seli za kima ilidungwa katika ngozi ya watu waliojitolea, kisha mahali hapo pakachanjwa chanjo ya ndui, na mara nyingi chanjo haikushika. Lakini dhidi ya mafua ya kawaida, dozi za siku zile hazikuonyesha faida.

Isaacs alipanda cheo mwaka 1961 na kuwa mkuu wa idara ya utafiti wa bakteria na virusi hapo Mill Hill. Walakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akishikwa na vipindi vya sonona vilivyomlaza. Ni rahisi kusema kwamba kejeli za wenzake ndizo zilizomwangusha, na waandishi wengine wamependa kisa kiwe hivyo. Ugonjwa huo hauhitaji sababu ya namna hiyo, na hakuna haja ya kumfanya mtu shujaa wa tamthilia ili aheshimiwe. Mwaka 1964 balaa jingine likampata: mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo. Alipona kiasi, akaachia uongozi wa idara na kubaki na maabara ndogo iliyoshughulikia interferoni peke yake. Mwaka 1966 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Miezi michache baadaye alikuwa marehemu.

Kilicho muhimu ni yale aliyoyafanya katika miaka hiyo ya mashaka. Mambo mawili yanastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo yanayompa nafasi yake leo.

La kwanza ni la mwaka 1960. Akiwa na mwenzake Hitchcock, Isaacs alifuatilia mapafu ya panya walioambukizwa homa ya mafua. Waliona kwamba interferoni hupanda mapema, na virusi huanza kupungua, kabla kingamwili hazijaonekana. Kwa maneno mengine, mwili una ulinzi wa zamu ya kwanza, unaokimbilia mlangoni wakati askari maalumu wangali wakitafuta viatu. Siku hizi ulinzi huo huitwa kinga ya asili, ile ambayo mtu huzaliwa nayo. Wakati ule elimu ya kinga ilikuwa karibu yote ni elimu ya kingamwili.

La pili ni la mwaka 1963, nalo ni la ujasiri zaidi. Isaacs na wenzake wawili walidai kwamba kinachoiamsha seli itoe interferoni ni asidi nyukleiki ngeni, yaani ile maada inayobeba maagizo ya urithi ya kirusi. Seli, kwa fikra hiyo, inaweza kutofautisha maandishi yake na maandishi ya mgeni. Majaribio waliyoyatoa kama ushahidi hayakuwa imara. Wengine walipoyarudia hawakupata matokeo hayo. Wazo likabaki linaelea.

Mwaka 1967, mwaka ule ule alioaga dunia, kundi la Maurice Hilleman katika kampuni ya Merck, Marekani, lilitoa mfululizo wa makala. Walionyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili, umbo ambalo huonekana virusi vingi vinapojinakili, huamsha interferoni kwa nguvu kubwa hata ikiwa kidogo sana. Isaacs alikuwa amekosea katika baadhi ya majaribio yake na kupatia katika wazo lenyewe.

Njia ya ujumbe

Ilichukua zaidi ya miaka 30 mingine kujua ujumbe unapita wapi. Ndani ya maji ya seli mna protini za doria. Moja yao, RIG-I, ambayo kazi yake ilielezwa na watafiti wa Japani mwaka 2004, hushika ncha za RNA ambazo RNA ya seli yenyewe kwa kawaida huzificha au huzirekebisha. Ikiishika RNA ya aina hiyo hubadilika umbo na kuigusa protini nyingine iliyo juu ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Kutoka hapo taarifa hupokezanwa, protini moja ikiibandika nyingine alama ya fosfati, kama watu wanaopitishiana ndoo ya maji nyumba ikiungua, mpaka inapofika katika kiini cha seli. Huko jeni ya interferoni hufunguliwa. Mlinzi wa namna nyingine, TLR3, alitambuliwa mwaka 2001, na yule anayeikamata DNA iliyopotea njia, cGAS, mwaka 2013.

Interferoni ikishamwagwa nje, hunasa katika kipokezi kilicho juu ya seli jirani. Hapo huanza mbio za pili za kupokezana, zilizofumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na makundi ya James Darnell, George Stark, Ian Kerr na wengine. Vimeng'enya viitwavyo JAK huziwekea alama protini za STAT, na STAT huingia katika kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni. Nyingine hukata RNA vipande vipande. Nyingine husimamisha kiwanda cha protini, ili kirusi kikiingia kikute mashine zimezimwa. Jeni mojawapo, iitwayo Mx, ina historia ya kufurahisha: njia ya kuifikia ilifunguliwa na Lindenmann mwenyewe, ambaye baada ya kurudi kwao alikutana na panya wa maabara wasiougua homa ya mafua na kushangaa kwa nini.

Mitambo hii lazima iwe na breki. Zipo protini ambazo seli huzitengeneza kwa agizo la interferoni yenyewe ili kuizima njia ile ile baada ya muda. Breki zikilegea, mwili huishi katika hali ya tahadhari bila adui, na hali hiyo inahusishwa na maradhi kama lupusi. Virusi navyo havilali. Kirusi cha mafua kina protini iitwayo NS1, ambayo kazi yake moja kubwa ni kuificha RNA yake na kukata mawasiliano ya seli. Isaacs aligundua mapema kwamba virusi vilivyouawa kwa joto huamsha interferoni vizuri kuliko vilivyo hai. Hakuweza kujua kwamba mfu hana uwezo wa kutengeneza protini ya kumficha.

Interferoni yenyewe ilikuja kupatikana kwa wingi mwaka 1980, baada ya Charles Weissmann na wenzake mjini Zurich kuipandikiza jeni yake katika bakteria. Mwaka 1986 iliruhusiwa Marekani kutibu aina moja ya saratani ya damu. Baadaye ikawa tegemeo la wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, mpaka vidonge vipya vilipoipokea kazi hiyo katika muongo wa 2010. Wagonjwa waliodungwa sindano hizo walipata homa, maumivu ya viungo na uchovu, kwa sababu sehemu kubwa ya kile mtu anachokihisi akiwa na mafua ni interferoni ikifanya kazi. Wengine walipata sonona. Hakuna uhusiano unaojulikana kati ya hilo na ugonjwa wa Isaacs, ila ni vigumu kulisoma bila kumkumbuka.

Afrika Mashariki nayo ilionja matumaini hayo, na machungu yake. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alizindua Kemron, dawa ya interferoni ya dozi ndogo sana ya kuyeyushwa mdomoni, iliyotokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Ilitangazwa kwamba wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakipata nafuu kubwa. Habari zilivuka bahari, na hata Marekani walikuwako watu weusi walioipigania kwa nguvu, wakishuku kwamba inapuuzwa kwa kuwa imetoka Afrika. Majaribio yaliyosimamiwa kwa makini, likiwamo moja kubwa nchini Uganda, hayakuona faida. Miongo mitatu baada ya msisimko wa London, kosa lilikuwa lile lile la kuukimbiza ujumbe wa seli sokoni kabla haujasomwa.

Jengo la Mill Hill lilibomolewa baada ya taasisi kuhamia katikati ya London na kuwa sehemu ya Francis Crick Institute. Lindenmann aliishi hadi mwaka 2015, akafa akiwa na miaka 90.

Mwaka 2020, wakati hospitali za dunia zikijaa wagonjwa wa Covid-19, kundi la kimataifa likiongozwa na Jean-Laurent Casanova lilipima damu ya wagonjwa 987 waliokuwa na homa kali ya mapafu ya kutishia uhai. Katika 101 kati yao, wanaume 95 na wanawake 6, zilikutwa kingamwili zilizokuwa zikiikamata interferoni ya mgonjwa mwenyewe na kuizuia isifike katika seli jirani. Miongoni mwa watu 663 walioambukizwa kirusi hicho hicho na kuugua kidogo tu, au kutougua kabisa, kingamwili za namna hiyo hazikupatikana kwa hata mmoja.